Mama Mkwe Nyuma ya Pazia, Interkula Mbele

Wanangu wa gereji, mmeniuliza sana. Mmoja kaniuliza kwenye chai, mwingine kwenye simu, mwingine kasimamisha pikipiki katikati ya barabara ya Nyakato mpaka akapigiwa honi: "Mabula, tumesikia umekamatwa unavua samaki kwa gari. Ni kweli?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila nikianza, fundi wetu Doto ananidakia na kutia chumvi yake. Nimeamua kuandika. Shule yangu mnajua iliishia wapi, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, iendesheni polepole, mtafika.

Jibu fupi: ndiyo, nilikamatwa. Jibu refu ndilo hili.

Nyakato

Mchumba wangu Perusi, yule anayesomea ualimu pale Butimba, ana mama yake Majita, mbele ya Bunda, kando kabisa ya ziwa. Mama huyo macho yote mawili yalishafunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Anajua kama kumekucha, lakini hajui nani amesimama mlangoni. Sasa walikuja Mwanza madaktari wa macho, wageni, wa kupasua na kuondoka, na siku yao ya mwisho ilikuwa imekaribia. Perusi alikuwa kwenye mitihani, hatoki.

"Mabula, niletee mama yangu," akaniambia. "Basi hapandi tena. Mara ya mwisho walimshusha kituo kisicho chake, akakaa pale anaita majina yetu moja moja."

Mimi moyo wangu mnaujua. Nilikuwa nimeshakubali kabla hajafika kwenye hayo majina.

Shida zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mila. Katika ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Akija huku, wewe unapita kule. Mkitaka kuongea, mnaongea kupitia mtu wa tatu. Ni heshima, siyo chuki. Nilipokwenda kujitambulisha nilimsikia tu akikohoa jikoni. Kilikuwa kikohozi cha upole, nikampenda.

Ya pili ni gari. Lile gari langu la dizeli, nililoachiwa na mjomba, lina turbo, lakini ni la zamani, lilitoka kiwandani bila interkula. Nikiwa peke yangu linakwenda vizuri. Nikipakia watu, jua likawaka na kilima kikatokea, linahema kama ng'ombe wa kulima, moshi mweusi nyuma, mshale wa joto unapanda juu na mimi nashuka chini kusukuma.

Doto ndiye aliyenielewesha, akiwa amekalia tairi. "Turbo kazi yake ni kushindilia hewa kwenye injini. Sasa hewa ikishindiliwa inapata moto, na hewa ya moto ni kama bisi. Gunia limejaa, lakini nenda nalo mashineni uone kama utapata unga wa bakuli. Interkula inaipoza kabla haijaingia. Yanakuwa mahindi. Gunia lile lile, ila sasa kuna unga."

Nikaona kweli, nimekuwa naendesha kwa bisi miaka yote.

Aliipata interkula kwenye vyuma chakavu Mkuyuni, imetolewa kwenye lori lililokufa. Kubwa kama ubao wa kichwani wa kitanda. Haikuingia ndani hata kwa kuibembeleza, ikabidi akate bampa na kuichomelea nje, mbele kabisa. Gari likawa na sura ya mtu anayecheka bila kuambiwa sababu. Ya kuunganishia ilikuwa mipira miwili: mmoja wa turbo kweli, wa pili wa redieta.

"Doto, huu si mpira wa maji?"

"Maji yanapita, hewa inapita. Tofauti iko wapi?"

Sikuiona tofauti. Naye akasema lazima twende wote, maana mtoto hazaliwi akaachwa asafiri peke yake.

Magu

Jamani, lile gari liliruka! Kisesa tuliipita kama tumetumwa. Nililipita lori la pamba nikiwa kwenye mwinuko, nikapiga honi, nikamwangalia dereva kwa huruma. Doto alikuwa kafumba macho anasikiliza mluzi wa turbo kama mtu aliye kanisani.

Magu tukasimama kunywa chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Mama mwenye kibanda akatoka na birika, akasimama mbele ya gari, akainama.

"Hii ya kuchomea nyama mmeifunga mbele ili ipulizwe na upepo?"

"Siyo ya nyama, mama," Doto akasema, kajisikia vibaya kweli. "Ni interkula."

"Inafanya nini?"

"Inageuza bisi kuwa mahindi."

Yule mama akamwangalia muda mrefu. Akaichukua sahani ya michembe iliyokuwa mbele ya Doto, akaisogeza upande wangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unampeleka wapi?"

"Majita."

"Mungu atasaidia," akasema, akaniongezea chai.

Lamadi

Kabla ya kuingia Lamadi tuliona moshi umesimama juu ya ziwa, mrefu, unajikunja. Doto akasema kuna mtumbwi unaungua. Ulikuwa unakuja upande wetu. Nilipogundua ni wale wadudu wadogo wa ziwani, tulikuwa tumeshaingia katikati yao. Ilikuwa kama mtu anamwaga mchanga kwenye bati. Tukafunga vioo. Lakini interkula haina kioo, ilikaa pale mbele imetabasamu na kuwapokea wote.

Haukupita muda tukarudi kwenye bisi. Nguvu imekwisha, moshi mweusi, mshale juu. Tukasogea pembeni kwenye uwanja wa nyumba moja. Nilikuta yale matundu ya kupitishia upepo hayaonekani, yamekuwa uji mweusi. Redieta nyuma yake haipati pumzi.

Kabla Doto hajapata kijiti cha kuchokolea, kuku mmoja alikuja. Akadonoa. Akasema neno moja la kikuku, na kuku wote wa mtaa ule wakatoka walikokuwa. Jogoo akapanda juu ya bampa akawa anasimamia. Mwenye nyumba akatokea anafunga shuka.

"Shikamoo mzee. Samahani, tunaondoka sasa hivi."

"Marahaba. Mnaondoka wapi? Hawajashiba."

Tukasubiri kuku washibe. Ndipo Doto akapata wazo, na hili wazo naomba mlikumbuke kuwa ni la Doto. Yeye halali nyumba ya watu bila chandarua chake mwenyewe. Akakitoa kwenye begi, akakikunja mara mbili, akakifunga mbele ya interkula kwa kamba za mpira zilizokatwa kwenye tyubu, yale mafungu tunayobeba. Upepo unapita, wadudu wanabaki nje. Likafanya kazi! Tulikwenda mpaka Bunda na zaidi, kile chandarua kinajaa tu, kimefura kama kitambi.

Majita

Njia ya kwenda kwa wakwe inavuka kijito, halafu inapita mwaloni, pale mitumbwi inapopaki. Kijito kilitulowesha mbele yote. Tulipotokea mwaloni tunachuruzika maji, filimbi ikalia.

"Simama! Shukeni na mikono muiweke juu!"

Wanaume wa ulinzi wa mwalo walituzunguka, wana fimbo. Mwenyekiti wao, mzee aliyevaa mabuti ya mvua na kofia iliyomziba macho, akainama mbele ya gari. Ninyi mnajua, pande zile kuvua kwa chandarua ni kosa kubwa, kinazoa mpaka watoto wa samaki. Na pale mbele yake palikuwa na chandarua, kimelowa, kimejaa vitu vidogo vinavyong'aa.

"Nimekuwa mwaloni toka sijaota ndevu," mzee akasema. "Nimeona mtu anavua kwa shuka. Nimeona mtu anavua kwa gauni la mke wake. Kwa gari ndiyo mara ya kwanza."

"Mzee, gari litavuaje?" Doto akauliza.

"Hilo ndilo utakalonieleza wewe."

Mlinzi mmoja akachota kidogo, akanusa. "Mwenyekiti, hawa siyo dagaa. Ni wadudu."

"Hiki ni chandarua au siyo chandarua?"

"Ni chandarua."

"Kimelowa?"

"Kimelowa."

"Kina viumbe wa ziwani?"

"Wamo, mwenyekiti."

"Basi."

Hapo ndipo aliposukuma kofia nyuma nikamwona vizuri. Nikashusha mikono. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mabula. Mkweo."

Walinzi wote wakatazama ziwani kwa adabu. Mzee alinitazama mimi, akatazama chandarua, akatazama tena mimi. "Mkwe wangu ni mtu mwema," akatangaza, "lakini chandarua ni chandarua." Akakifungua mwenyewe, akakikunja, akakiweka kwapani kama kielelezo. Halafu akanikumbatia kwa mkono uliobaki.

Tulikula ugali wa muhogo na sato mkubwa, na mzee akatueleza kuwa hawezi kusafiri na mke wake kesho, lazima akipeleke kielelezo ofisi ya kijiji yeye mwenyewe. Nikasema baba, si tulishaelewana ni wadudu? Akasema, "Tumeelewana. Lakini kimeshakamatwa."

Mama alikuwa jikoni. Doto akawa anapita katikati yetu kama uzi wa sindano.

"Mama anashukuru," akaja kusema. "Ila anasema atakaaje na mkwe kwenye gari moja? Bora abaki na giza lake."

Nikamwambia Doto, "Mwambie nitaangalia mbele tu, safari nzima."

Doto akaenda, akarudi. "Anauliza, na kile kioo cha kuonea nyuma?"

Nikatoka nikaking'oa kioo. Doto akakibeba mpaka jikoni ili mama akishike kwa mikono yake, ajue. Kisha mzee akatoa kitenge kikubwa, Doto akachukua kamba zote za mpira zilizobaki, akaunganisha moja ndefu, akafunga pazia kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Akavuta ikaita kama zeze. Mama akakipapasa kitenge kutoka juu mpaka chini. Akakubali.

Asubuhi, kumtoa nyumbani mpaka garini ndiyo ilikuwa kazi. Yeye hanioni, kwa hiyo hawezi kunikwepa. Mimi namwona, lakini sitakiwi kumtazama. Ukoo mzima ukasimama uani kutuongoza.

"Mama, mkwe yuko kushoto!"

"Mabula, pita nyuma ya gari!"

"Siyo huko, naye anakuja huko!"

"Mama, pinda! Pinda!"

Tulikuwa tunaelekea kukutana kwenye tairi la nyuma. Nikaona hakuna namna, nikalala kifudifudi nikaingia uvunguni. Nikaona tu ndala zake zinapita, za bluu, polepole, na mguu wa kuku aliyembeba kwapani, zawadi ya Perusi.

Kilima cha kutokea Majita

Doto akakaa nyuma na mama, mimi peke yangu mbele na barabara. Tulianza vizuri. Kwenye kile kilima chenye mawe niliongeza mafuta, mluzi ukapanda, ukapanda, halafu: *Puu!*

Kuku akapiga kelele. Doto akapiga kelele kuliko kuku. Gari likatema moshi likaganda. Nikafungua boneti: ule mpira wa redieta ulikuwa umevimba kama shavu la chura, ukapasuka.

Doto aliutazama kwa unyonge. "Kumbe tofauti ipo," akasema.

Akadandia pikipiki iliyokuwa inapita, akatafute mpira Bunda. Tukabaki sisi: mimi nimekaa kwenye jiwe nimelipa gari mgongo, mama nyuma ya pazia, na kuku. Jua likapanda. Madaktari siku hiyo ndiyo walikuwa wanafunga kazi. Na mtu wa tatu wa kutupitishia maneno ameondoka na pikipiki.

Kisha nikasikia sauti ya mama, taratibu:

"Wewe kuku."

Kuku akanyamaza.

"Muulize huyo mtu wa nje, fundi atarudi saa ngapi?"

Nikafikiri kidogo. "Kuku, mwambie mama, Bunda ni mbali. Na mpira wa aina ile huenda asiupate."

"Kuku, muulize, madaktari wanafunga lini?"

"Kuku, mwambie mama, leo mchana."

Nilisikia vidole vyake vinachezea manyoya. "Kuku," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "mwambie kwamba mimi siku ya harusi ya mwanangu nataka nimwone. Sitaki kuambiwa na watu kwamba amependeza."

Nilifuta uso kwa mkono wenye girisi. Mnacheka, lakini ningewaona ninyi pale.

"Kuku, hebu muulize. Hicho kilichopasuka hakifungiki?"

"Kinafungika, kuku, mwambie. Kwa kamba ya mpira. Ukiizungushia vizuri inashika."

"Sasa si aifunge? Muulize kamba hana?"

"Tulikuwa nazo. Zimekwisha."

"Zimekwishia wapi?"

Nikaanza kujifuta girisi vidoleni.

"Kuku, nimeuliza zimekwishia wapi?"

"Zimeshika pazia," nikasema.

Niliangalia sisimizi mmoja anavyobeba bawa la mdudu mpaka akalifikisha shimoni. Mara nikasikia kamba inaachia, *twaa*, na kitenge kinaanguka chini kwa uzito wake wote. Mkono ukatoka dirishani umeshika ule mpira wa pazia.

"Kuku, mwambie achukue."

Nikaenda kinyumenyume nikaupokea. Niliuzungusha kwenye ule mpasuko, nikavuta mpaka vidole vikafa ganzi. Nikawasha. Bado hewa ilikuwa inavuja mahali, inapiga mluzi mwembamba, nikizima nisikie siipati, nikiwasha nikashuka, mguu umetoka kwenye mafuta, injini inalegea na mluzi unakwisha. Ilihitaji mmoja akanyage mafuta na mwingine atafute.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Kuku, mwambie akae kwenye usukani, aangalie mbele. Masikio yangu hayana mtoto wa jicho."

Nikakaa kwenye usukani, boneti imesimama kati yetu kama ukuta, namshukuru aliyebuni boneti. Nilikanyaga. Nikasikia mikono yake inatembea kwenye mipira, inasimama, inarudi. Palikuwa na mpasuko wa pili chini, karibu na klipu, mimi sikuuona. Akautafuta kwa kiganja, hewa inampuliza, akafunga kwa ncha iliyobaki, fundo la kufungia magunia ya dagaa, lile halifunguki mpaka ulikate.

"Kuku, akanyage!" akapiga kelele, na kuku mwenyewe yuko kiti cha nyuma amelala.

Nikakanyaga. Mluzi ukawa mmoja tu, ule mnene, mzuri, wa turbo.

Doto tulimkuta njiani karibu na Bunda, amebeba mpira wa pampu ya kumwagilia bustani. Akaingia, akakaa, akageuka huku na huku.

"Pazia liko wapi?"

Mama akakohoa. Mimi nikaangalia mbele.

"Muulize kuku," nikamwambia.

Mwanza

Lamadi upepo ulikuwa umewarudisha wale wadudu ziwani, tukapita kama wafalme. Tulifika hospitalini nesi anapanga viti kimoja juu ya kingine. Perusi alikuwa ameshika mlango kwa mguu ili usifungwe, katoka kwenye mtihani na kalamu bado iko sikioni. Nesi akatutazama: mama wa watu, fundi na mpira wa bustani, kuku, na mimi nimegeukia barabarani kwa heshima.

"Huyo mmoja, na jicho moja tu," akasema. "La pili litasubiri wakija tena. Ingieni."

Kesho yake ilikuwa siku ya nesi kumtoa bandeji. Nilikaa nje nimetazama ukuta, ili akitoka tusikutane macho. Doto akawa ananitangazia kutoka dirishani kama anatangaza mpira: "Anafungua... anafungua... bado pamba... Perusi analia... mama anamshika Perusi masikio, anamvuta karibu... anamwambia mbona umekonda..."

Kisha Doto akashusha sauti: "Anakuja huko."

Nikasikia ndala zinakuja. Zikasimama nyuma yangu. Nilisubiri amtume mtu. Perusi alikuwa mlangoni, Doto dirishani, watu wa kutumwa walikuwepo tele.

"Mabula," akasema mwenyewe. "Geuka nikuone."

Nikageuka. Jicho moja lilikuwa jekundu, linatoka machozi kwa mwanga, na lilinianza kwenye nywele, likashuka mpaka kwenye viatu vyenye girisi, likapanda tena, likakaa sana usoni. Sikujua niweke wapi mikono. Akatingisha kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitenge dukani akakuta rangi ndiyo ile.

"Nimeona," akasema. "Haya, geukia ukuta."

Nikageukia ukuta.